Siku Arlys Alipojisifu

Arlys Skogstad alikataliwa bima siku ya Jumanne, na hadi Jumatano asubuhi alikuwa bado ana hasira za kutosha kupasulia kuni. Basi akapasua. Alimaliza rundo zima nyuma ya ghala, mwanamke wa miaka sitini na miwili, mikono mikavu, shoka likipanda na kushuka, huku maneno ya yule wa kampuni aliyempigia simu yakimzunguka kichwani: kutokana na hali ya afya aliyoieleza mwenyewe, kampuni haiwezi kumkubali.

"Niliyoieleza mwenyewe!" alisema kwa sauti, na gogo likagawanyika.

Bima aliyokuwa akiitaka ni ile ya matunzo ya uzeeni. Unaichangia ungali na nguvu zako, ili siku zikija ambazo huwezi kuoga wala kuvaa soksi peke yako, kampuni imlipe mtu wa kuja kukusaidia. Arlys hakuwa anaogopa kuzeeka. Alichokuwa anakiogopa kilihusu mpwa wake, Berit.

Hapa Torvik, huku magharibi mwa Minnesota ambako mahindi yanaanzia mlangoni kwako na hayaishi, kila ukoo una binti mmoja ambaye hakuolewa, na binti huyo ndiye anayerithishwa wazee. Hakukaliwi kikao wala mwenyewe haulizwi. Watu huanza tu kusema "si yupo fulani," wanasema wanasema, mpaka siku moja fulani anajikuta ameshika beseni na kitambaa. Arlys alikuwa fulani. Mama yake alipopooza, yeye alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kanisa kubwa moja la Minneapolis lilikuwa limempa kazi ya kupiga kinanda. Kazi ikamsubiri wee, mwisho ikachoka. Kwa miaka kumi na mmoja alimgeuza mama kitandani, akamlisha, akamwosha, akambadilisha nepi. Kaka yake Orrin alikuwa akija Jumapili na maua, anasimama mlangoni na kusema, "Naona mambo si mabaya hapa." Mama alipofariki, watu walirudi makwao wakizisifia keki za msibani.

Sasa Berit, binti wa Orrin, ana miaka ishirini na saba na hana mpango wa kuolewa. Mama yake, Charlene, hanywi kikombe cha kahawa bila kusema, "Arlys hana wasiwasi, si yupo Berit." Na huyo Berit alishakubaliwa kwenye chuo cha maofisa wa meli, zile meli ndefu zinazobeba mawe ya chuma kwenye maziwa makuu ya huku kwetu kaskazini. Ameshaahirisha mara mbili. "Labda mwakani, shangazi," anasema, macho kwenye viatu vyake. Arlys anayajua maneno hayo. Aliyasema yeye mwenyewe, jikoni humohumo, na mwaka huo haukufika.

Ndiyo maana alipiga ile namba ya kwenye televisheni. Akapokelewa na msichana mwenye sauti nzuri, aliyekuwa huko mbali kwenye majimbo ya joto, na msichana akaanza kumuuliza.

"Afya yako kwa jumla ikoje, mama?"

"Aa, siwezi kulalamika sana."

"Unaweza kupanda ngazi bila msaada?"

"Najikongoja hivyo hivyo."

Huyu anayejikongoja, kila mwezi wa kumi anapanda mnara wa kanisa na kopo la grisi kuilainisha kengele, kwa sababu wanaume wa baraza la kanisa wanaogopa popo.

"Na kazi za nyumbani?"

"Naparaza paraza tu. Si za kuangaliwa na mtu."

"Kumbukumbu yako?"

"Mbovu, mwanangu, usiulize."

Na hii kumbukumbu mbovu inabeba nyimbo zote za kitabu cha kanisa, ubeti kwa ubeti, na kitabu kimefungwa.

Msichana aliandika alichoambiwa. Ulitaka aandike nini? Kwetu mtu hajisifu. Mwambie mwanamke wa Torvik kwamba koti lake ni zuri, atakuonyesha tundu la kwapani. Mtu anatoka hospitali ameshonwa mguu mzima, ukimuuliza anakwambia ingeweza kuwa mbaya zaidi. Hakuna sheria inayokukataza kujisifu, kama ambavyo hakuna inayokukataza kwenda kanisani na nguo za kulalia, lakini utasemwa mpaka uzikwe. Na hatudanganyani, kwa sababu sisi kwa sisi tunajua kuyageuza hayo maneno yakasimama wima. Ukisema najikongoja, jirani anaelewa wewe ni mzima kama kengele. Msichana wa watu angejuaje? Hakukosa kitu. Aliyekosa ni Arlys, na hilo ndilo lililomtia wazimu kuliko yote.

Kuni zilipokwisha alinawa mikono, akaingia ndani kutafuta wakala wa karibu wa kampuni ileile. Awe mtu mwenye macho na kiti, wa kukaa mbele yake na kumwona. Wakala wa Torvik alistaafu zamani akahamia Arizona kuota jua, na ofisi yake sasa wanauza chakula cha mbwa. Aliyebaki alikuwa mmoja tu, Jolene Wubben, ng'ambo ya mto, huko Wendelburg kwa Wajerumani Wakatoliki. Watu wa Torvik, Walutheri watupu, huenda Wendelburg kwa mambo mawili, soseji na mazishi, na kwenye mazishi wanakaa viti vya nyuma.

Alifanya kosa la kumwambia Charlene kwenye simu.

"Wifi, unakwenda kwa Mkatoliki?" alisema Charlene.

"Ninakwenda kwa yeyote anayeweza kuniona kwa macho yake."

"Lakini bima ya nini, jamani? Unatupa hela. Wakati Berit yupo..."

Arlys akakata simu. Kwetu kumkatia mtu simu ni jambo kubwa. Alibaki ameushika mkono wa simu, na hakujuta hata kidogo.

Ofisi ya Jolene ilikuwa ukuta mmoja na bucha, na harufu ya moshi na kitunguu saumu ilipita bila kubisha hodi. Jolene alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, miwani kichwani, sauti ya kuitia ng'ombe. Shughuli yake kubwa ilikuwa bima ya mvua ya mawe kwa wakulima. Alimkaribisha Arlys kiti, akasoma kwenye kompyuta majibu aliyoyatoa kwa kampuni, kisha akashusha miwani na kumtazama toka juu mpaka chini.

"Haya. Yuko wapi mgonjwa mwenyewe?"

"Ni mimi."

"Wewe ndiye unayejikongoja? Hapa umefikaje?"

"Kwa baiskeli. Gari liko kwa fundi."

"Kutoka Torvik? Kwa upepo huu?"

"Haukuwa mkali sana," alisema Arlys.

Nje ya dirisha upepo ulikuwa umelaza kibao cha bucha chini. Jolene alikitazama kibao, akamtazama Arlys, akaanza kucheka, na alicheka mpaka mwenye bucha akagonga ukuta.

"Nisamehe, dada. Mimi nimeolewa na mmoja wenu. Siku aliyonichumbia alisema, 'Nimeona wabaya kuliko wewe.' Nikamtupia pete yake! Ikabidi mama yake aje hapa kunieleza kwamba mtoto wa watu hali, halali, anakufa kwa mapenzi."

Arlys alicheka bila kutaka. "Alikuwa amekusifu sana," alisema. "Kwa kweli alivuka mpaka."

"Ndiyo nimejua sasa! Miaka ishirini baadaye!" Jolene alijifuta macho. "Sikiliza. Tunaweza kukata rufaa. Nitawaandikia waachane na simu, walete muuguzi nyumbani kwako akuone. Lakini nina sharti. Utajibu ukweli."

"Mimi sisemi uongo," alisema Arlys, na mgongo ukanyooka.

"Umesema. Ukidai unaweza na huwezi, ni uongo, na ningekutoa hapo nje wewe na baiskeli yako. Ukidai huwezi na unaweza, huo nao tuuite nini? Adabu? Yule msichana alikuuliza swali la kweli, dada, nawe ukampa adabu."

Katika maisha yote ya Arlys hakuna aliyewahi kumwita mwongo, na ubaya wake ni kwamba hakupata pa kumshika huyu Mjerumani. Alitaka kuondoka. Aliona aibu, aibu ikageuka hasira, na hasira akaielekeza inakostahili, kwake mwenyewe.

"Jaribu," alisema Jolene. "Sema, mimi nina nguvu."

"Nina nguvu kiasi."

"Hiyo kiasi iache hapa, nitaipeleka bucha. Tena."

"Nina nguvu." Ilitoka kama mtu anayekiri wizi. Masikio yalimwaka.

"Kwani hii bima unaitakia nini hasa?" aliuliza Jolene. "Wengi hapa huja wakisukumwa na watoto wao. Wewe hakuna aliyekusukuma."

Arlys akamweleza kuhusu Berit na meli. Kisha, bila kukusudia, akamweleza kuhusu mama na kinanda cha Minneapolis. Jolene hakucheka tena. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Basi usijisifu kwa ajili yako," alisema. "Jisifu kwa ajili ya huyo msichana."

Muuguzi alikuja wiki ya pili ya mwezi wa sita. Arlys alikuwa amepanga wawe watatu tu, yeye, muuguzi na Jolene. Lakini Torvik hakuna siri inayopita darajani bila kuonekana. Muuguzi, Bi Renata Kowal, mwanamke mwembamba mwenye mkoba mzito, hata hajavua koti, gari la Orrin likaingia uani. Akashuka Orrin na kofia yake mkononi, akashuka Charlene na sinia la keki ya rubabu, ule mmea mchachu wa bustanini, na nyuma yao Berit, mrefu kama baba yake, uso wa mtu aliyeburutwa.

"Tumekuja kukusaidia kueleza," alisema Charlene.

"Nani amekuomba, wifi?"

"Huwezi kupokea mgeni peke yako, watu watatufikiriaje?" Na hapohapo alishafungua kabati na kutoa vikombe.

Wakakaa kuizunguka meza ya jikoni. Jolene aliambiwa na muuguzi kwamba haruhusiwi kusaidia kujibu, basi akajipachika kando ya friji, mikono kifuani, midomo ameibana. Berit alisimama kwenye sinki akikausha kikombe kilichokuwa kikavu.

"Tuanze," alisema muuguzi. "Kupanda ngazi. Unapanda bila msaada?"

Najikongoja. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limevaa na viatu. Arlys aliona Orrin anatazama kahawa yake kwa utulivu, anasubiri asikie lilelile ambalo watu wote wenye heshima husema. Kisha akamwona Berit, na kile kikombe.

"Napanda vizuri sana," alisema Arlys. "Napanda mnara wa kanisa mpaka kwenye kengele. Hakuna mwanamume Torvik anayethubutu, akiwemo huyu kaka yangu."

Kahawa ilimpalia Orrin.

"Arlys!" alisema Charlene.

"Kazi za nyumbani?" aliuliza muuguzi, akiandika.

"Nyumba yangu ndiyo safi kuliko zote barabara hii. Fungua kabati lolote unalotaka. Hata chini ya kitanda."

Charlene aliweka kikombe chini polepole, kwa sababu na yeye anaishi barabara hiyo.

"Kupika, kufua, kuendesha gari?"

"Vyote. Na nikiongoza jiko la msiba, watu mia mbili wanakula moto na hakuna anayesubiri. Mimi ni hodari kwenye hilo. Waulize."

Uso ulikuwa unamwaka. Shingo nayo. Alihisi yuko uchi mbele ya watu waliomfahamu tangu kubatizwa, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na utamu ambao hakuutegemea, wa kunyoosha mgongo ulioinama kutwa. Kando ya friji, Jolene alikuwa anatazama dari na mabega yanatikisika.

Muuguzi alimsomea orodha ya maneno, akamwambia ayaweke akilini. Akampima presha, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akamwambia ainame aokote kalamu. Kisha akamtaka ayataje yale maneno. Arlys akayataja yote, akarudi nayo kinyumenyume, halafu akauliza kama mgeni angependa ayaimbe, kwa sababu mizani yake inakaa vizuri kwenye wimbo wa mavuno.

"Haitahitajika," alisema muuguzi, akiwa karibu kutabasamu. "Swali la mwisho. Ukianza kuhitaji msaada leo au kesho, kuna mtu wa familia wa kukuangalia?"

"Yupo Berit," alisema Charlene haraka, kwa furaha ya mtu aliyepata swali lake hatimaye.

"Hayupo," alisema Arlys.

"Wifi, usimvunjie mtoto heshima. Berit hajali. Si ndiyo, Berit? Hujali?"

"Mimi... si neno, mama," alisema Berit. Macho kwenye viatu.

Arlys akasimama. Kiti kilikwaruza sakafu, na hakukiomba radhi.

"Na mimi nilisema si neno," alisema. "Nilisema kwenye sinki hiyohiyo. Lilikuwa neno! Orrin, niangalie. Nilimtunza mama miaka kumi na mmoja, na nilimtunza vizuri. Mgongoni hakupata kidonda hata kimoja. Hakulala hata usiku mmoja kwenye shuka lenye unyevu. Alipokuwa hawezi kusema nilimwelewa kwa macho. Mimi nilikuwa hodari, na kama ningekuwa mgeni wa kulipwa mngenipa zawadi na hotuba. Hamkusema, na mimi sikusema, basi mkadhani ilikuwa rahisi. Mkadhani kazi ile inajifanya yenyewe ukimpa binti asiye na mume. Leo najisemea mwenyewe. Nilikuwa hodari, na ilinila. Ilinila miaka yangu yote mizuri. Huyu haitamla."

"Arlys, kuna mgeni," alinong'ona Charlene.

"Mgeni na asikie. Na kampuni isikie. Wakinikataa mara ya pili, nitauza lile shamba la mtoni nilipe mtu. Lisipotosha, nitaingia nyumba ya wazee na kukipiga kinanda chao kibovu kila alfajiri mpaka wanihamishe. Lakini Berit haji hapa. Haji kuninywesha uji. Sitaki kuisikia tena hiyo 'yupo Berit,' wifi, si mbele yangu, si nyuma yangu."

Orrin alikuwa anaigeuza kofia yake, ukingo kwa ukingo. Ni mtu ambaye anaweza kukaa kimya kuanzia sala ya chakula mpaka kuosha vyombo.

"Hatukujua kwamba ulitaka sana kwenda Minneapolis," alisema mwishowe.

"Ulijua. Ni wewe uliyenipeleka kwa gari kuwaambia siji."

Kofia ikasimama.

"Nilijua," alisema Orrin. "Nilijua, mdogo wangu. Njiani kurudi ulikuwa unalia upande wa dirishani, nami nikawasha redio. Mimi nisingeweza ile kazi. Hata juma moja nisingeweza. Wewe uliiweza, tena vizuri sana, na nilikuwa naona aibu kila Jumapili." Akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo.

Arlys alishika ukingo wa meza. Maneno hayo alikuwa ameyangoja kwa muda mrefu kiasi cha kusahau kwamba anayangoja, na sasa yalipofika alitaka kulia na alitaka kumzaba kofi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa.

Bi Kowal alifunga kalamu. Alisema hayo ya mwisho hayana mahali kwenye fomu yake. Kisha, pengine kwa kutaka kuwapa watu pumzi, akamgeukia Berit kando ya sinki na kumuuliza, kama mgeni yeyote anavyouliza, yeye anafanya kazi gani.

Berit alimtazama mama yake. Akaweka kikombe chini.

"Mimi ni mtu wa meli," alisema. "Yaani nitakuwa. Nimekubaliwa chuoni, masomo yanaanza mwezi wa nane. Kwenye mtihani wa kuingia sikufanya vibaya." Rangi nyekundu ilimpanda shingoni, ileile ya shangazi yake. "Hapana. Nilikuwa wa kwanza. Katika majimbo yote, nilikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza?" alisema Charlene. Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ndogo. "Mbona hukutuambia?"

"Ingekuwa kujisifu, mama."

Charlene alichukua kisu akaanza kukata keki yake mwenyewe vipande vidogo sana, macho yamemjaa maji, na kipande cha kwanza akampa binti yake.

Kampuni ilichelewa kujibu, maana kampuni hazina haraka na uzee wa mtu. Jolene Wubben alipiga simu mwezi wa nane, Jumatatu asubuhi, sauti yake ya kuitia ng'ombe ikiwa tayari kutangaza. Aliyepokea alikuwa Orrin, aliyekuja kulisha kuku wa dada yake.

"Wamemkubali!" alisema Jolene. "Mwite Arlys!"

"Hayupo. Amempeleka Berit chuoni. Wameondoka Ijumaa na mizigo yote."

"Ijumaa? Bila kujua jibu?"

"Alisema hasubiri ruhusa ya mtu."

Upande wa pili Jolene alikuwa anacheka. Orrin alibaki na simu sikioni, kuku wakimzonga miguuni kwenye mlango uliokuwa wazi. Kisha akamwambia, yule Mkatoliki ambaye hajawahi hata kunywa naye kahawa, kwamba dada yake ni mwanamke hodari kuliko wote aliowahi kuwaona, na akarudia, kwa sababu alitaka asikike vizuri.